UZI: Kugeuza hiace kuukuu iwe gari la kulala na la kuvuta boti – anza na ekseli ya nyuma, kitanda baadaye

#1 chuma_na_chumvi

Shark, yaani hiace za umbo la zamani, nyingi zinazostaafu umatatu huku Mombasa zanunuliwa na watu wa safari, na maswali yanayofuata humu huwa ya kitanda, friji na rangi. Hayo ni ya mwisho. Tufuate mpangilio wa kazi yenyewe: Toyota HiAce ya dizeli, watu wawili walale ndani, na nyuma ivute boti ya fiberi ya futi 16 na injini yake.

Kinachoamua kila kitu ni ekseli ya nyuma. Matatu hubeba abiria waliotawanyika gari zima, tena jioni wote washashuka. Gari la kulala hubeba mzigo usioshuka, na trela huongeza uzito mahali pabaya kuliko pote, nyuma ya magurudumu. Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari, soma kibati cha gari uone uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa limejaa. Kisha lipeleke tupu kwenye mizani ya kulipia, zile za maeneo ya maghala Shimanzi na Changamwe, ulipime mara tatu: gari zima, magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake. Tofauti kati ya kibati na mizani ndiyo bajeti yako. Toa wewe na mwenzako, toa dizeli, toa kile trela itakachokandamiza. Kinachobaki ndicho cha mbao na friji.

Hesabu ya trela wengi huikosea. Tuseme kati ya ekseli mbili ni mita 2.6, na kile kichwa cha mviringo cha kuvutia, tukiite tufe, kiko mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma. Trela ikikandamiza tufe kwa kilo 60, ekseli ya nyuma haipati 60. Inapata 90, na mbele panapungua 30. Pima gari lako mwenyewe: gawanya umbali wa tufe kwa umbali wa ekseli, jumlisha moja, zidisha kwa kilo za tufe. Mbele kukiwa kwepesi usukani unaelea, na barabara ikilowa tairi za mbele zinafunga breki mapema.

Uzito wa kukisia: plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ya milimita 18 ni karibu kilo 30, ya 12 ni karibu 20, ya 9 ni karibu 15. Maji lita 60 ni kilo 60, hayo hayana ujanja. Betri ya asidi ya Ah 100 ni karibu kilo 30. Ya lithiamu ya uwezo huo huo ni 11 hadi 13. Tangi la maji na betri viwe kati ya ekseli mbili, nyuma ya viti vya mbele. Nyuma kabisa weka magodoro na nguo.

Upande wa boti: boti tupu kama 330, injini ya farasi 40 karibu 100, petroli lita 50 ni kilo 37, nanga na kamba na makoti ya kujiokolea 40, trela yenyewe 190. Hapo ushafika karibu 700. Ulaya trela isiyo na breki zake haivuki kilo 750, na kwa hiace ya zamani mpaka huo ni wa kuufuata hata kama hakuna wa kukuuliza.

#2 Bi_Safari_Kisauni

Ahsante kwa kuanza na mizani. Sasa kuna hili la chuma cha kuvutia. Hiace haina chasi ya peke yake kama pikapu, na nyingi zinazopita Barabara ya Malindi zimechomelewa kichuma kwenye bampa ya nyuma, na bampa yenyewe imeshikwa na bolti chache za kutundikia tu. Fundi_jomvu tafadhali weka vipimo, si maneno ya "tengeneza imara".

#3 fundi_jomvu

Bi Safari, vipimo hivi hapa.

Chini ya sakafu ya nyuma mna mihimili miwili ya bati lililokunjwa kama boksi, kulia na kushoto. Hiyo ndiyo chasi ya hiace. Usichomelee kitu hapo. Bati ni jembamba, moto wa welding unalidhoofisha pembeni mwa mshono, na unachoma rangi ya ndani ambako brashi haifiki. Chumvi ya huku itaanza kula kutoka ndani, na nje utaona kama pazima.

Kazi ni ya bolti. Kila upande kata bati la milimita 8, urefu usipungue milimita 400, lilale ubavuni mwa mhimili. Bolti tatu za M12 daraja la 8.8 kila upande, zikae mbalimbali kadiri nafasi inavyoruhusu. Ndani ya mhimili, kila tundu liwe na kipande cha paipu nene kilichokatwa sawasawa na upana wa ndani, bolti ipite katikati yake. Bila kipande hicho ukikaza unauponda mhimili. Wiki ya pili bolti zimelegea, wiki ya tatu tundu limekuwa yai. Upande wa pili wa mhimili weka bati la milimita 5, wala si washa peke yake. Matundu yote yapakwe rangi ya zinki kabla ya kufunga. M12 ya 8.8 kaza Nm 80. Tumia spana ya kupimia, usipige bomba kwenye spana mpaka uone mishipa.

Chuma cha kati ni mhimili wa mraba wa 60 kwa 60, unene 5, kutoka upande hadi upande. Bati la kubebea tufe ni milimita 12 au zaidi, na pembe za kuegemeza pande zote mbili. Tufe la mtindo wa Ulaya hushikwa na bolti mbili za M16 zilizoachana milimita 90. Hizo kaza Nm 200.

Tufe lenyewe: nunua lenye muhuri wa D, yaani nguvu ya kuvuta linayohimili, kwa kilonewton. Hesabu yake ni 9.81 mara uzito wa gari kwa tani mara uzito wa trela, gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Gari la tani 2.6 na trela ya 0.75 inatoka kama 5.7. Muhuri wako uwe juu ya hapo. Na angalia kipenyo! Kuna la milimita 50 na kuna la inchi moja na saba ya nane, ambalo ni 47.6. Kichwa cha trela cha 50 kitafunga juu ya dogo, kitalia "kak", utaondoka nacho, na tuta la kwanza kitaruka. Pima kwa kalipa, macho yanadanganya.

Kimo: katikati ya tufe iwe milimita 350 hadi 420 kutoka chini, gari likiwa limebeba mzigo wake.

Na tairi ya akiba. Kwa shark iko chini, nyuma, pale pale unapotaka kupitisha mhimili. Kabla hujachomelea mwisho, ishushe na kuipandisha uone kama inapita.

#4 Mwanakwale

Fundi umemaliza, naongeza la springi, maana watu wakiona gari limelala nyuma hukimbilia kuongeza majani.

Kwanza pima. Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari tupu, halafu likiwa limejaa na trela imetundikwa. Angalia nafasi iliyobaki kati ya ekseli na ule mpira wa kugongea. Ikiwa bado zipo sentimita 4 au zaidi, springi zako zinatosha. Kinachokusumbua ni shokomzoba. Na kumbuka hiace iliyotoka umatatu mara nyingi ishaongezwa majani zamani. Hesabu kabla ya kuongeza, na uangalie bolti ya katikati ya majani, hukatika kimyakimya halafu ekseli inasogea upande mmoja.

La pili ndilo hatari. Karibu na difu, hiace nyingi zina mkono mwembamba wa chuma unaounganisha ekseli na valvu ya breki iliyofungwa kwenye bodi. Gari likishuka nyuma kwa mzigo, mkono huo unaisukuma valvu, nayo inaziongezea nguvu breki za nyuma. Ukiongeza majani, gari linabaki juu hata likijaa, na valvu inaamini gari ni tupu. Sasa una tani mbili na nusu, na boti nyuma, na breki za nyuma zinafanya nusu kazi. Ukibadilisha springi, valvu hiyo irekebishwe siku hiyo hiyo, na breki zipimwe kwenye mashine ya rola. Kuna mafundi wanaoufunga mkono kwa waya ukae juu moja kwa moja. Hapo gari likiwa tupu kwenye mvua nyuma inateleza ikutangulie.

Mafuta ya breki: DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205, ikishanywa unyevu inashuka hadi 140. Hewa ya pwani ni unyevu mtupu. Badilisha kila miaka miwili, na mapema zaidi ukivuta trela kwenye milima.

#5 pwani_dizeli

Injini gani basi? Nauliza nikijua jibu langu: 1KZ ya Toyota. Ina turbo, lita 3, farasi karibu 130. Kuvuta kilo 700 kwa 5L, ile injini nyingine ya hiace isiyo na turbo, farasi tisini na kitu, ni kuwatesa walio nyuma yako kutoka Mazeras hadi Mariakani.

#6 chuma_na_chumvi

Shekhe, kwa nguvu huna mpinzani. Lakini 1KZ ina hedi ya aluminiamu inayojulikana kwa kupasuka kati ya valvu injini ikizidi joto, na kuvuta mzigo mlimani kwenye jua la saa saba ndiko kulizidisha joto. 5L ni nzito, ni mvivu, na inasamehe. Ukichukua 1KZ, chukua na gharama ya kuilinda: rejeta mpya au iliyofunguliwa na kusafishwa kwa fito, kipimajoto cha ziada chenye namba kwenye hedi (sindano ya dashibodi hukaa katikati muda mrefu, ikija kupanda umechelewa), na kifuniko cha rejeta cha bar 0.9 kilicho kipya.

Kwa injini yoyote ile:

Usitie maji ya kisima kwenye rejeta. Visima vingi vya kisiwani na Kisauni vina chumvi na chokaa, na ile chokaa inajenga ukoko ndani ya mirija. Maji yasiyo na madini (distilled) nusu, kulanti nusu.

Kagua feni. Injini ikiwa ya moto na umeizima, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe raundi moja na zaidi bila ukinzani, klachi yake ya mafuta imekufa. Barabara tambarare hutaona tofauti, mlima wa Kwale utakuonyesha.

Mkanda wa taiming wa hizi dizeli, kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika valvu zinakutana na pistoni.

Kupanda: gia ya tatu, injini kwenye 2,500 hadi 3,000, usiiburure kwa gia kubwa. Ukifika juu usizime papo hapo, iache dakika mbili ipumue, hasa yenye turbo.

#7 pwani_dizeli

Kipimajoto cha hedi nakubali. Lakini "inasamehe" isiwe ruhusa ya kuuziwa 5L iliyokula mafuta miaka kumi. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha mafuta injini ikiwa inanguruma. Moshi ukipuliza kwa nguvu kutoka hapo, ringi zimekwisha, na gari hilo halivuti boti wala baiskeli.

#8 Kibao_Tudor

Kutu. Mbona hakuna aliyeigusa na tuko Mombasa?

#9 fundi_jomvu

Ilikuwa inakuja. Toa mazulia, toa raba ya sakafu, toa viti vyote na kuta za ndani. Chukua bisibisi butu udunge: ngazi ya mlango wa kuvuta, sakafu chini ya miguu ya dereva, mfereji wa paa, matao ya magurudumu ya nyuma upande wa ndani, kitako cha betri, na kichwa cha ile mihimili miwili karibu na vishikio vya springi. Bisibisi ikizama kwenye mhimili penye kishikio cha springi, gari hilo ni la vipuri. Penginepo hutengenezeka.

Kata mpaka bati safi linalong'aa, sentimita mbili zaidi ya pale kutu inapoishia. Kiraka cha bati la milimita 1.2. Choma vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, ruka, rudi, ama bati litapinda. Kisha praima ya epoksi pande zote mbili, sila ya poliyurethani kwenye mishono, rangi. Mwisho nta ya kupulizia ndani ya mihimili kupitia matundu ya kiwandani. Yale matundu ya kutolea maji chini ya milango usiyazibe.

Kuna silikoni inayonuka siki ikikauka. Isiguse bati la gari. Ile asidi inaanzisha kutu chini yake na hutaiona. Kwa madirisha na feni ya paa tumia utepe wa butili ukifuatiwa na sila ya poliyurethani.

#10 Kibao_Tudor

Na kumwagia oili chafu chini? Mabasi yote hufanya.

#11 fundi_jomvu

Oili inalainisha na kuvimbisha mipira: bushi za springi, vizuizi vya vumbi, mirija. Inashika mchanga, mchanga unashika maji ya chumvi. Na inatiririka hadi kwenye breki. Nta haifanyi hivyo. Ukitoka ufukweni osha chini kwa maji baridi ya mfereji siku hiyo hiyo, dakika kumi, ndani ya matao na juu ya difu. Hiyo inashinda kila dawa.

#12 volti12

Naja na umeme. Sehemu mbili, wa kulalia na wa trela.

Wa kulalia. Friji ya kompresa ya lita 40 ikifanya kazi hula kama wati 45. Kwa joto la huku, nusu ya siku iko kazini, kwa hiyo kama Wh 540, yaani Ah 45 kwa volti 12. Feni, taa, simu na pampu ya maji, ongeza 15 hadi 20. Ah 65 kwa siku. Betri ya asidi huiteremshi chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 ya asidi inakupa 50, haitoshi. Ah 100 ya lithiamu inakupa 80 hadi 90. Na ukirudi kwenye hesabu ya kilo ya #1, ndiyo ninayoiunga mkono, mradi isikae karibu na injini. Hiace ina injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ile nafasi chini ya kiti inayovutia kila mtu ni tanuri.

Paneli ya wati 200 paani, ukihesabu saa tano za jua kamili na kupoteza asilimia 30, ni kama Wh 700. Inakaribia Wh 780 za ile Ah 65, na pengo dogo linazibwa na altaneta ukiendesha. Tuko karibu na ikweta, ilaze bapa, usihangaike na vyuma vya kuiinamisha. Acha sentimita 4 kati yake na paa hewa ipite. Paneli ya moto hupungukiwa nguvu, na kivuli chake kinapoza gari. Kidhibiti cha chaji ya jua kiwe cha aina ya MPPT, ampea 20.

Kutoka kwa altaneta: usiunganishe lithiamu moja kwa moja na betri ya gari. Inavuta kila ilichopewa, na altaneta ya zamani inaungua ikiwa kwenye foleni bila hewa. Weka chaja ya DC kwa DC ya ampea 20. Waya mita 5 kwenda na 5 kurudi: kwa milimita mraba 10 unapoteza volti 0.35, kwa 6 unapoteza karibu 0.6. Tumia 10. Fyuzi ya ampea 30 ndani ya sentimita 20 kutoka kila betri. Narudia, kila betri, kwa sababu waya huo una moto pande zote mbili.

Wa trela. Plagi ya pini saba, mpangilio wa 12N: 1 indiketa ya kushoto (njano), 2 taa ya ukungu ya nyuma (buluu), 3 hasi (nyeupe), 4 indiketa ya kulia (kijani), 5 taa ya nyuma kulia (kahawia), 6 breki (nyekundu), 7 taa ya nyuma kushoto (nyeusi). Usigawe tu waya za taa za gari. Tumia rilei, waya wa gari uwashe rilei na nguvu itoke kwenye betri kwa fyuzi yake. Trela za boti hupiga shoti, na bila rilei shoti hiyo inazima taa za gari usiku ukiwa barabarani.

Ugonjwa wa kila siku ni pini ya 3. Ukiwasha indiketa na taa zote za trela zikamemeta hafifu, usifungue taa hata moja. Hasi imekula kutu. Peleka waya wa hasi hadi kwenye kila taa, usitegemee chuma cha trela kirudishe umeme, na usitegemee tufe lenye grisi.

#13 Bi_Safari_Kisauni

Volti umenirahisishia. Naongeza ya ndani, kwa ufupi kwa kuwa mengine ni ladha ya mtu.

MDF na chipbodi zisahauni, unyevu wa pwani unazivimbisha kabla hata hujasafiri. Sakafu ni fomu isiyonywa maji ya milimita 10, juu yake plaiwudi ya marini ya 12. Kuta ni 6, kabati ni 9. Mlio wa "nataka 18 iwe imara" ujibiwe na hesabu ya kilo. Kabati zifungwe kwenye matundu ya zamani ya bolti za viti vya matatu, yapo mengi na yana nguvu. Yanayobaki yazibwe kwa bolti fupi na sila, maana maji ya barabarani hupandia humo.

Upana wa ndani ni karibu mita moja na nusu, kwa hiyo kitanda kilale kwa urefu, sentimita 190. Godoro likae juu ya fito zilizoachana sentimita 5. Juu ya plaiwudi bila hewa, likiwa limelaliwa na watu wawili mwezi wa Aprili, chini litaota kuvu.

Joto: paa jeupe, fomu kwenye paa kabla ya kuta, na feni ya paa ya inchi 14 kwa 14 ikitoa hewa nje. Ikate kati ya mbavu za paa, ubavu usikatwe. Feni inayotoa bila mahali pa kuingizia haifanyi kitu, kwa hiyo weka tundu chini, upande wa kivuli, lenye wavu wa mbu.

Gesi: mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, tuseme meko, usiupikie ndani. Unyooke, ufungwe mkanda, ndani ya kisanduku chenye tundu la sakafuni linalotoka nje ya gari. Gesi ni nzito kuliko hewa, hushuka, na chini ndiko kuliko na waya za volti12. Kila ukifunga regyuleta paka povu la sabuni. Kitanda na kabati visizibe viti vya mbele. Fundi akitaka kufika kwenye injini lazima viti viinuke.

#14 nahodha_mtwapa

Nyinyi mmejenga, mimi nazungumzia pale maji yanapoanza.

Beringi za trela ndizo zinazowalaza watu barabarani. Sababu: umekuja kilomita 60, habu ni ya moto. Unairudisha majini, hewa ya ndani inapoa ghafla na kujikunja, na inafyonza maji ya chumvi kupitia sili ya nyuma. Unarudi nyumbani, trela inakaa mwezi, kutu inakula njia ya beringi, safari inayofuata gurudumu linakwenda peke yake. Ukifika, gusa habu. Kama huwezi kuuacha mkono juu yake, subiri nusu saa, vua kamba, panga vitu. Tumia grisi ya majini, vifuniko vyenye springi vinavyosukuma grisi, na chomoa plagi ya taa kabla ya kurudi nyuma.

Kufunga beringi: kaza nati huku ukilizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, rudisha robo mzunguko, tia pini mpya. Ukifungua na grisi imekuwa nyeupe, maji yashaingia. Osha yote kwa dizeli, kausha, kagua njia kwa kucha. Kucha ikikwama, badilisha na kikombe chake, si beringi peke yake.

Maji: wakati wa bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Teremko lililo zuri maji yakijaa, yakipwa linaishia kwenye tope na mwani. Shusha boti saa mbili kabla ya kujaa, pandisha kabla hayajashuka sana. Maji mafu, siku yanapopanda na kushuka kidogo, yanakupa muda mrefu zaidi, chagua siku hizo ukiwa bado unajifunza.

Magurudumu ya nyuma ya hiace yasiingie majini. Ngoma za breki zikishika chumvi zitanata, na difu ya moto hufyonza maji kupitia kipumulio kama habu. Refusha mpira wa kipumulio hadi juu ya sakafu. Kama teremko ni refu, fungua trela na uiteremshe kwa kamba nene. Weka vigingi viwili vya mbao nyuma ya magurudumu, vimefungwa kamba ili uvivute ukiondoka. Brekihendi ya hiace peke yake usiiamini kwenye mwani.

Kukandamiza tufe: mizani ya bafuni chini ya kichwa cha trela, kwa kimo kile kile cha tufe. Kwa kilo 700 lenga 50 hadi 60. Ikiwa chini ya 35, trela itaanza kucheza mkia ukifika 80 kwa saa. Ikianza, achilia mafuta taratibu, usukani unyooke, usikanyage breki kwa ghafla. Dawa ya kudumu ni kusogeza winchi na boti mbele sentimita 10 kwa 10 ukipima tena.

#15 Kibao_Tudor

Karatasi je? Na tairi?

#16 Mwanakwale

Karatasi: gari lililokuwa matatu likibadilishwa muundo, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) waarifiwe, likaguliwe, na logibuku ibadilike. Utepe wa manjano utoke. Trela ina usajili wake na namba zake zinazoanza na Z. Bima uwaambie kwa maandishi mambo mawili, kwamba ni la kulala na kwamba linavuta. Wasipojua, siku ya ajali hiyo ndiyo sababu yao.

Tairi: yenye herufi C, kwa mfano 195R15C 106/104. Hiyo 106 ni kilo 950 kwa tairi moja, kwa hiyo ekseli ni 1,900. Linganisha na mizani yako ya nyuma ukiwa umejaa. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni, wiki na mwaka. Tairi ya miaka minane yenye kashata nzuri bado ni kuukuu, jua la huku limeshaipika. Upepo ufuate kibandiko cha mlango, upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi.

#17 pwani_dizeli

Swali la mwisho kwa fundi. Tufe kwenye milimita 400, gari limejaa, feri ya Likoni maji yakiwa yamepwa: halitakwaruza?

#18 fundi_jomvu

Litakwaruza. Nyuma ya hiace ni ndefu, na tufe liko mwisho kabisa. Tengeneza shingo ya kuchomoa: mraba wa 50 ndani ya mraba wa 60 wenye unene wa 5, ndani inakuwa na 50 kamili, kwa hiyo ule wa 50 upigwe msasa kidogo uingie. Pini ya milimita 16 ikatize, na kipini cha kufuli. Usipovuta, ichomoe uitie ndani ya gari. Ukiwa na trela na unaenda Diani, zunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, haina feri. Mnyororo wa usalama uupitishe chini ya shingo kwa kukatiza, uwe umefungwa kwenye mhimili, usiufunge kwenye shingo yenyewe.